Mama Mkubwa Amemeza Kitabu

Aliitasi aliwasha tanuri la mawe kwa kitabu cha Leutu, asubuhi ya Jumapili Nyeupe, sikukuu ya watoto, na wala hakujificha. Alichana kurasa mbili mbili, akazisokota chini ya makumbi ya nazi.

"Vitabu ni uvivu," alisema. "Mdogo wangu, mama yako, alisoma, akafa. Mimi sikusoma, nipo. Haya, kaa kwenye mbuzi ukune nazi!"

Leutu, wa miaka kumi na miwili, hakulia. Kitabu kile ndicho kitu pekee alichoachiwa na mama yake, na humo ndimo alimojificha kila alipopigwa. Ukurasa wa mwisho hakuwahi kuufikia. Mama alikuwa ameandika pale kwa mkono wake, akamwonya asiusome kabla ya kumaliza hadithi. Sasa maneno ya mama yalikuwa moshi, na moyo wa Leutu ukachemka kwa chuki.

Lakini wazee wa kisiwa chao cha Savai'i husema moto haupotezi kitu, hukikabidhi chakula. Aliitasi alipoingia kuvaa gauni lake jeupe, Leutu alichota majivu ya kurasa, akayakoroga kwenye tui, akayafunga katika palusami moja, kifurushi cha majani ya magimbi cha kuokwa.

Baada ya kanisa watoto waliketi mkekani, wakubwa wakawahudumia. Siku hiyo moja kwa mwaka, neno la mtoto halirudishwi.

"Hii nakupa wewe, mama mkubwa," Leutu akasema.

"Mimi? Wakubwa si tunakula mwisho?"

"Leo nasema mimi. Kula yote, na jani ulambe."

"Umepatikana, Aliitasi!" mumewe akaangua kicheko.

Aliitasi akala kwa kununa. Alipofungua mdomo agombe, yakatoka mengine: "Chini ya bahari aliishi malkia asiyejua usingizi..."

Akaziba mdomo kwa viganja, wapi! Akiomba chumvi, malkia. Akimfukuza mbwa, malkia. Kwenye sala ya jioni, watu walipoitikia amina, yeye alimpandisha malkia farasi wa povu. Leutu alifurahi, na kwa nini asifurahi? Kila jioni alimketisha mbele yake.

"Endelea. Hapana, hapo umekimbia. Rudia."

Mara tatu Aliitasi alikaribia mwisho, na mara tatu Leutu akamrudisha mwanzo, maana alijua kitabu kikiisha na kifungo kimeisha. Maneno ya mama aliyatamani, lakini kisasi kilikuwa kitamu zaidi. Siku ya arobaini hamu ikamshinda.

"Malizia," akasema.

Malkia akalala. Kisha sauti ya Aliitasi ikashuka: "Leutu mwanangu, umemaliza. Sasa msomee dada yangu. Nyumbani kulikuwa na nafasi ya shule kwa mmoja tu. Ilikuwa yake, akanipa mimi."

Aliitasi akajigusa midomo.

"Aliandika hivyo?" Aliitasi akauliza, kwa maneno yake mwenyewe. "Sikujua. Mimi niliona wino tu."

Leutu hakumsamehe, mtu asikudanganye. Lakini kesho yake aliazima kitabu kwa mchungaji, akambwagia mama mkubwa magotini.

"Hii ni A. Ukikosea, unarudia. Na usilie, unalowesha karatasi."