Siku Redio Ilipozimwa

Kinyozi yule walimwita Redio, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Ukikaa kwenye kiti chake akakufunga kitambaa shingoni, umekwisha. Utasikia habari za ligi, za mvua, za jirani aliyenunua kabati lisilopita mlangoni, na ukidhani amemaliza, kumbe alikuwa anavuta pumzi tu. Nywele alizikata vizuri, hilo halina ubishi, ila wapo wateja walioondoka na kichwa chepesi kwa nje na kizito kwa ndani.

Basi mtu huyo ndiye aliyeambiwa, mbele ya mkewe na mama yake mzazi, kwamba afunge mdomo kwa faida ya mtoto.

Mtoto mwenyewe aliitwa Nukta. Alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kiasi kwamba baba yake alipomwona mara ya kwanza alisema, "Huyu bado ni nukta, sentensi itafuata," na jina likanata. Lakini hakuna aliyecheka siku hiyo. Nukta alichelewa kulia, akachelewa kuvuta hewa, akalazwa ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto, mirija puani. Redio alisimama pale, mikono inaning'inia, kwa mara ya kwanza maishani hana la kusema. Muuguzi mmoja alimwonea huruma, akamfungulia kidirisha cha pembeni.

"Ongea naye, baba. Sauti yako anaijua tangu tumboni."

Hapo tena! Redio akaongea. Akamsimulia ligi, mvua, kabati na mlango wake. Alikuja asubuhi kabla ya kufungua kibanda na jioni baada ya kukifunga, na kila mara kifua kile kidogo kilipopanda, aliamini kimepandishwa na habari aliyotoka kumpa. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Lakini moyoni alikuwa na hakika kwamba siku akinyamaza, mtoto naye atanyamaza.

Sasa Nukta alikuwa nyumbani, mashavu yamejaa, anakunywa maziwa kama anayelipiza kisasi. Bibi yake aliona mambo yamekwisha. Daktari hakuona hivyo. Mtoto aliyechelewa kupata hewa, alisema, anaweza kunenepa vizuri na kuwa na tatizo lililojificha kwenye ubongo, lisionekane mpaka wenzake wamekaa na yeye bado. Ni heri kujua mapema. Akawapeleka kwa mtaalamu wa viungo, mwanamke mwembamba mwenye koti jeupe na sauti ya upole, ambaye bibi alimbatiza Dada Viungo kabla hata ya kukaa.

Mambo yalianza vizuri. Dada Viungo alipitisha mpira mwekundu mbele ya uso wa Nukta, na macho yakaufuata kutoka upande hadi upande. Akatikisa kayamba dogo nyuma ya sikio.

"Anageuka," alitangaza Redio, "anageuka, bado kidogo... kageuka! Goli!"

"Asante, baba," alisema Dada Viungo. "Anaona na anasikia. Limebaki moja, na ndilo kubwa."

Akaeleza. Mtoto wa umri huu, akiwa macho, ameshiba na ametulia, ukimlaza chali bila kumgusa wala kumsemesha, viungo vyake huchezacheza vyenyewe, kidogo kidogo: shingo, viganja, vifundo vya miguu, kila upande. Michezo hiyo huja kwa muda mfupi tu, kisha hupotea mtoto anapoanza kunyoosha mikono kutafuta vitu. Ikiwepo, ni habari njema sana kuhusu ubongo. Isipokuwepo, tatizo huenda lipo, na mazoezi yanaanza bila kupoteza siku. Yeye atarekodi kwa simu, dakika chache tu, kisha aangalie kwa makini.

"Sharti ni moja. Kimya."

Wakamlaza Nukta kwenye mkeka wa plastiki wa buluu. Dada Viungo akaweka simu kwenye kigoda chake cha miguu mitatu. Nukta akaanza kupindisha mguu.

"Usiogope mama, baba yuko hapa," Redio alimwambia mtoto.

Mguu ukasimama. Nukta akamkodolea macho baba yake, mdomo wazi, mwili mzima umeganda, kama mteja anayengoja mwisho wa kisa. Wakafuta, wakaanza upya. Redio akakohoa. Wakafuta tena. Mara ya tatu bibi mtu ndiye aliyeuliza kama hiyo simu haina mionzi, maana mtoto wa nyoka ni nyoka na mdomo ule haukuokotwa barabarani. Kufikia hapo Nukta alikuwa na njaa, akapiga yowe, na siku ikaishia hapo.

"Mrekodini nyumbani," alisema Dada Viungo. "Akiwa ametulia. Peke yake."

Nyumbani, peke yake ni neno gumu. Juma lililofuata walileta video tatu, na Dada Viungo akazitazama zote bila kupepesa macho.

"Ya kwanza, namwona bibi anamfunika shuka. Ya pili, shangazi anambusu. Wote viungo vyao havina tatizo hata kidogo," alisema. "Ya tatu hakuna mtu, lakini kuna mtangazaji nyuma ya kamera, na mtoto ameganda anamsikiliza. Mtoto mwenyewe sijamwona." Kisha akaacha utani. "Umri unamtupa mkono. Wiki ijayo ndiyo nafasi yetu ya mwisho kuliona hili kwa uhakika. Labda baba angebaki nje?"

Mkewe Redio, fundi cherehani mwenye maneno machache kwa sababu nyumba yenyewe haikuwa na nafasi ya mengine, ndiye aliyejibu.

"Hapana, ataingia. Na atanyamaza." Akamgeukia mumewe. "Au siyo?"

Redio akakubali, kwa maneno mengi sana.

Alijizoeza kibandani. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuja kunyolewa upara wake uliobakiza ukingo tu. Redio akamfunga kitambaa, akajikaza kisabuni, akaanza kunyoa bila neno. Mashine ikanguruma. Mwalimu akamtazama kwenye kioo. Akajishika kisogo. Mwishowe akashindwa.

"Niambie tu, kijana. Mimi mtu mzima, nitavumilia. Umeona nini huko nyuma?"

"Sijaona kitu, mwalimu."

"Mbona kimya, basi? Kuna msiba?"

Redio akalazimika kumweleza, na kumweleza kukachukua muda mrefu kuliko kunyoa.

Siku yenyewe ilipofika walikaa kwenye benchi la korido, Nukta ameshiba, macho maangavu. Bibi alikwenda kumsimulia Dada Viungo maradhi ya familia nzima. Redio alikuwa anatokwa na jasho.

"Mama Nukta, mimi nibaki nje."

"Kwa nini?"

Akatazama viatu vyake. "Nikinyamaza ataacha."

"Ataacha nini?"

"Kupumua."

Mkewe hakucheka. Alimweka mtoto vizuri begani, akafikiri kidogo.

"Baba Nukta, wewe mchana kutwa uko kazini. Nani anamsimulia ligi? Mimi na cherehani yangu, na mimi mpira siujui. Na anapumua." Akamgusa goti. "Hata mimi niliogopa ukimya, usidhani uko peke yako. Twende tukauone pamoja."

Wakaingia. Mkeka, kigoda, simu. Bibi alijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio wake. Dada Viungo akamlaza Nukta, akarudi nyuma, akabonyeza.

Kimya kikatanda. Redio hakuwahi kukisikia kimya kwa karibu namna hiyo. Feni ilizunguka darini, na mahali fulani kiti kilivutwa. Nukta alitazama juu, akakunja uso, akageuza shingo kama anayetafuta kitu kilichokuwepo juzi. Anaitafuta sauti yangu, alifikiri Redio, na neno likamfika ulimini. Akaling'ata. Akakitazama kifua kile kidogo. Kikashuka. Kikapanda. Kikashuka tena, na kupanda, bila habari yoyote ya ligi, bila kabati, bila yeye. Mkewe akamshika mkono.

Ndipo kifundo cha mguu kikazunguka. Kiganja kikageuka, kikafunguka, kikageuka upande mwingine. Shingo, bega, mguu wa pili. Mwili mzima ulichezacheza kidogo kidogo, kama mtu anayejipangia mahali pazuri pa kulala. Redio hakujua kama ndiyo michezo yenyewe. Alimtazama Dada Viungo, lakini uso wake ulikuwa mkavu kama ukuta. Akafyata ulimi, akaendelea kuangalia.

"Agguu," alisema Nukta.

Bibi nusura ameze mtandio. Redio alikuwa na majibu kumi tayari, na hakutoa hata moja. Nukta akangoja. Alipoona hakuna anayemkatiza, akasema tena, safari hii kwa urefu, akapandisha sauti mwishoni, akapiga teke, akaendelea. Kumbe mtoto alikuwa na yake siku zote hizi, ila hakuwa amepata nafasi.

Dada Viungo akazima kamera. Akaichezesha video tena, sauti ameizima, kidole kikielekeza hapa na pale. Akairudia mara nyingine. Walimngoja, roho mkononi.

"Ipo," alisema, na uso wake ukafunguka. "Ipo tele. Shingo, viganja, vifundo, pande zote mbili. Tutaendelea kumwita, hatumwachi. Lakini lile nililoliogopa, hapa halipo."

Mkewe Redio aliketi sakafuni palepale, akacheka huku analia. Bibi aliutoa mtandio mdomoni, akashukuru, akapiga vigelegele vilivyowatoa watu wa chumba cha pili, kisha akamgeukia mwanawe.

"Haya, mwanangu, umefunguliwa! Sema!"

Wote wakamtazama Redio. Machozi yalikuwa yamemfika kidevuni na hakuyafuta. Kule mkekani Nukta bado alikuwa anaongea, macho kwenye feni, miguu hewani, kisa kirefu kisicho na kituo. Redio akapiga magoti kando yake, akaweka kidole mdomoni.

"Ngojeni kwanza," alinong'ona. "Hajamaliza."