Pika Kwanza, Polepole

Siku ya mazishi ya Kiplimo, watu wa Sosiot walikuja wengi, na tuseme ukweli, si wote walimjia marehemu. Wengine walikuja kumsikia mjane. Walijua Dorine Amolo ni binti wa Kijaluo, amezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, na walikuwa wamesikia tangu utotoni kwamba wanawake wa upande wa ziwa wakifiwa hulia mpaka vilima viitikie. Basi wakakaa mkao wa kusikiliza. Dorine hakulia. Alisimama kando ya kaburi, leso kiunoni, akawashukuru wageni, akauliza kama chai imewatosha. Watu wakarudi makwao na masikio matupu.

Huo ulikuwa mwezi wa nne. Sasa ulikuwa wa nane, na macho yake yalikuwa bado makavu. Hakuwa anajizuia, hapakuwa na kitu cha kuzuia. Alichuma majani ya chai, akakamua ng'ombe, akala na kusahau alichokula. Ndani yake palikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, lakini huusikii. Kilichomtisha ni wazo moja tu, kwamba huenda hakumpenda yule mtu, na ile miaka kumi na mmoja ilikuwa mazoea.

Mama mkwe wake, Rebeccah, aliishi hatua chache tu, ng'ambo ya michai. Tangu mazishi hakuwa ameingia jikoni kwa Dorine. Hakumgombeza wala hakumsema kwa watu. Aliacha tu kuja, na hilo liliuma kuliko matusi, au lingeuma kama Dorine angekuwa anasikia maumivu.

Kisha Ijumaa moja Rebeccah akasimama uani, mkononi ana mtungi wa maziwa.

"Ile kuku ya Wakorea," alisema. "Ile Kiplimo alikuwa anatengeneza. Nataka kuonja tena."

"Nitajaribu, Mama. Kesho."

"Jaripu. Kama hata hiyo imeenda, basi mtoto wangu ameisha kapisa."

Kiplimo alikuwa mpishi wa wahandisi wa Kikorea waliokuja kujenga daraja upande wa Fort Ternan. Kwao alijifunza mambo mengi, lakini alichokileta nyumbani ni kimoja, na yeye alikiita sanjok: vipande vya kuku vilivyolazwa kwenye soya sosi, vikachomekwa vijitini pamoja na mboga, vikakaangwa. Wakorea wenyewe hukila kama cha kufungua kinywa tu, kabla ya chakula. Kwa Kiplimo ukishakionja, ugali ulingoja mpaka ukapoa. Alipokitengeneza alifunga mlango wa jikoni. Siri ya kazi, alisema. Dorine alikaa nje akisikia vishindo, akidhani anavunja mifupa.

Ulimi wa Kiplimo, kama wa mama yake, haukutenganisha g na k, wala b na p. Alipokuwa akimchumbia Dorine alimwambia, "Nitakupikia simu jioni," naye Dorine akamuuliza kama simu hupikwa kwa nyanya au kwa kitunguu tu. Utani huo uliwafungisha ndoa kabla mchungaji hajafungua kitabu. Tangu siku hiyo, kila asubuhi akitoka kwenda kazini alisema, "Nitakupikia," na Dorine akajibu, "Usisahau chumvi."

Jumamosi, baada ya kupeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai, Dorine akachinja jogoo, akatoa daftari la Kiplimo juu ya kabati. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa mtu anayeandika huku mkono una mafuta.

*Sanjok. Toa kuku mfupa. Pika kwanza, polepole, pande zote mbili, mpaka ikuwe laini. Halafu weka soya sosi, sukari, saumu, tangawizi, mafuta ya simsim. Iache saa mbili.*

Mtu akisoma amri hufuata amri. Dorine akaweka nyama ya mapaja kwenye sufuria, akaongeza maji, akawasha kuni za michai iliyopogolewa. Kidari akakiacha kwenye bakuli maana sufuria ilijaa. Akapika polepole. Akageuza, pande zote mbili. Nyama ikawa laini, laini kabisa, akaiweka kwenye soya, akakaa kando yake saa mbili bila kuwaza kitu. Akakata karoti, pilipili hoho na vitunguu vya majani, vyote urefu wa kidole, kama alivyokuwa akiviona sahanini.

Alipoanza kuchomeka, nyama ikakatika. Akachukua kipande kingine, nacho kikachanika nyuzi nyuzi. Cha tatu kilianguka sakafuni. Alikitazama pale chini na hakuona uchungu wala hasira. Aliwaza tu: basi, imeenda hata hii.

Rebeccah akabisha hodi wakati huohuo. Alisimama mlangoni kwa muda, kama mtu anayepima kina cha mto, kisha akaingia. Akatazama nyama iliyochanika.

"Hii kuku umefanya nini?"

"Nimepika, Mama, kama alivyoandika."

"Hapana. Hukupika."

"Nimeipika. Angalia, imeiva hata inaanguka."

"Si ndio hiyo shida!" Rebeccah akaweka mtungi chini kwa kishindo. "Umeipika kapla hujaipika!"

Dorine akamtazama. Akamfungulia daftari, akaweka kidole kwenye neno. Mama mkwe hakulitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye kidari kilichobaki, akakilaza kwenye ubao, akachukua kisu, akakigeuza makali juu, na kwa mgongo wake akaanza: ko, ko, ko, ko. Polepole. Akageuza nyama. Ko, ko, ko.

"Mimi alinionyesha," alisema. "Hivi. Unapika. Unapika mpaka inalainika, ndio soya iingie."

Vishindo vilikuwa vilevile. Dorine alivijua kabla hajalielewa neno. Kisha neno nalo likafika, na kicheko kikamtoka, kikali, kibaya, hata yeye mwenyewe kikamshtua. *Piga.* Miaka kumi na mmoja amemcheka mume wake kwa herufi hiyo moja, na siku aliyoihitaji akaisoma kama mgeni.

Rebeccah hakucheka. Aliendelea kupiga. Na Dorine akasikia kicheko kikiisha na kitu kingine kikipanda nyuma yake, kikitafuta njia.

"Mama," alisema. "Ile asubuhi ya mwisho aliniambia, 'Nitakupikia jioni.' Nilikuwa na haraka, kikapu tayari mgongoni. Sikumjibu na chumvi. Nilisema tu sawa."

Kisu kikatulia.

"Jioni simu ilikuja, lakini ni ya msimamizi wake, kusema moyo umesimama akimenya vitunguu. Na mimi mpaka leo sijui. Alikuwa anataka kunipigia, au alikuwa anakuja kunipikia?"

Rebeccah alifikiri kweli. Alisogeza midomo, akayajaribu maneno yale mawili kimyakimya, moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta tofauti kati ya mbegu mbili kiganjani.

"Sijui, mtoto wangu," alisema mwishowe. "Mimi yote nasikia moja."

Hapo ndipo Dorine alipolia. Alilia mchana kweupe, mlango wazi, kwa sauti ya mama yake na ya nyanya yake, akimwita Kiplimo kwa jina. Wachumaji waliokuwa chini bondeni wakainua vichwa. Rebeccah hakumwambia anyamaze. Alifuta macho kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na nyama, akaushika tena ubao, akaendelea kupiga polepole, pande zote mbili.