Ushahidi wa Kicheko

Mazungumzo ya suluhu yalivunjika kwa sababu mume alikubali kila kitu isipokuwa talaka. Nyumba, alisema, achukue. Gari, achukue. Watoto wakae na mama yao, naye atakuwa anakuja Jumapili kama mgeni mwema. Akitaka kuhama, ahame. Ila abaki mkewe.

"Yaani uko tayari kumpa kila anachopewa mtalaka, isipokuwa talaka yenyewe?" aliuliza wakili wa mke.

"Ndiyo hivyo, mama. Kuna ukarimu unaouzidi huo?"

Haukuwa ukarimu. Mume alikuwa mshereheshaji wa harusi, mjini kote wakimwita Shangwe, na mtaji wake haukuwa spika wala maikrofoni. Mtaji wake ulikuwa ndoa yake. Kila aliposimama mbele ya maharusi aliwaambia, "Msinisikilize mimi, mtazameni yule pale," na kidole chake kikaenda meza ya mbele, kwa mkewe. Mshereheshaji aliyeachwa nani atamwita? Ni kununua dawa ya nywele kwa mwenye upara.

Mkewe alikuwa mpima macho. Kazini kwake haitoshi mtu kusema anaona vizuri. Atasoma herufi za ukutani hadi zimshinde, na hapo aliposhindwa ndipo panapoandikwa. Talaka nayo aliitaka kwa utaratibu huohuo, bila machozi. Sasa kesi ilikuwa imepangwa kusikilizwa, na sheria ilimtaka athibitishe kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka. Asipothibitisha, ombi linatupwa, na yeye anarudi meza ya mbele.

Alianza kutafuta mashahidi kwa dada yake mkubwa.

"Mdogo wangu, nitasema nini mimi?" Dada alikuwa anakunja nguo, na hakuacha kukunja. "Shemeji alisimamia harusi ya mwanangu bila kudai hata nauli. Watu wanaisimulia mpaka leo."

"Sikuulizi kuhusu harusi ya mwanao. Nakuuliza kuhusu ndoa yangu."

"Hiyo si ndiyo tuliyoiona siku hiyo? Ulivyokuwa unacheka!"

Nyumba njema si mlango, lakini dada alikuwa ameishia mlangoni, na majirani pia. Wote walimwona akicheka. Hakuna aliyemsikia akilia, kwa sababu moja nyepesi: hakulia.

Kisha upande wa mume ukaleta vielelezo vyake, video za harusi tupu, ili mahakama ijionee jinsi mke alivyokuwa na furaha. Wakili alifunga mapazia ya ofisi yake, akaegemeza kompyuta kwenye rundo la majalada, wakakaa wawili kutazama na kujiandaa kwa maswali.

Katika video ya kwanza Shangwe alikuwa na koti jeupe. "Jamani, mke wangu ni mpima macho! Bahati yake, alinioa kabla hajanipima!" Ukumbi ukaanza kunong'ona kwamba mwanamume haolewi. Akausubiri. "Siku aliyonivalisha miwani nikamtazama vizuri... nikasema lahaula! Nikakumbuka nimeshasaini!" Ukumbi ukaangua kicheko. "Simama, mama, wenye macho mazima wakuone!" Mke akasimama, akacheka, akapunga mkono.

Wakili naye alicheka, kabla hajawahi kuziba mdomo.

"Samahani, dada."

"Usijali. Inachekesha."

Wakili akajikohoza, akavaa sauti ya upande wa pili. "Shahidi, huyo aliyesimama ni nani?"

"Ni mimi."

"Unafanya nini?"

"Nacheka."

"Hapo sema ulikuwa unaigiza."

"Siwezi kuapa hivyo. Meno hayo ni yangu."

"Wewe dada, hivi ni shahidi wa upande gani?"

Wakafungua ya pili. Ukumbi mwingine, koti la bluu, mzaha uleule. Wakili alitabasamu. Katika ya tatu alitazama simu. Katika iliyofuata alikuwa anayatamka maneno sambamba na Shangwe, pamoja na kile kituo cha kusubiri ukumbi unong'one.

"Kwani hana mwingine?"

"Anao mmoja wa chumvi kwenye chai. Haupendi sana."

"Basi turuke, tufike mwisho."

"Tusiruke," alisema mpima macho. "Mimi sikuwahi kuruka."

Wakili aliuondoa mkono kwenye kompyuta. Walitazama zote. Kila mara yule mwanamke alisimama, akacheka, akapunga mkono, na wakili hakucheka tena. Asubuhi yake aliuandikia upande wa mume: hatupingi kielelezo hata kimoja, tunaomba tu video zote zioneshwe mahakamani, nzima, moja baada ya nyingine.

Siku ya kesi, kwenye ukumbi mwembamba nje ya chumba cha hakimu, wakili wa mume aliwafuata mwenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimezitazama zote jana."

"Na?"

"Mke wangu alipita nyuma yangu akaniuliza kama kompyuta imekwama."

Ombi lake lilikuwa fupi. Talaka kwa maridhiano, kila kitu kama mume alivyokuwa ametoa, na video ziondolewe kwenye jalada.

Wakili wa mke akamvuta mteja wake pembeni. "Tukatae! Hakimu hafiki ya tano kabla hajakupa talaka na pole juu yake."

"Nilikuja kwako kutafuta nini?"

"Talaka."

"Basi."

Wakili alinuna kama mpishi ambaye wageni wamekuja wameshiba.

Lakini mume hakusaini. Alikaa kwenye benchi, karatasi gotini, kalamu hewani.

"Mama watoto, njoo kwanza." Sauti yake haikuwa ya jukwaani. "Huyu wakili wangu anasema tatizo ni ule mzaha wa macho. Niambie kweli. Ulikuwa hauchekeshi?"

Nyuma yake, wakili wa mke alitikisa kichwa kwa nguvu: usijibu. Neno moja baya na kalamu ile ingerudi mfukoni, na kesi ingeanza upya. Mpima macho alifikiri kama afikirivyo mbele ya herufi za ukutani.

"Mara ya kwanza ulichekesha. Nilicheka mpaka nikamwaga kinywaji."

"Unaona!"

"Mara ya pili nilicheka kwa kuwa ulikuwa unanitazama."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilikuwa kazini, kama wewe."

Mtu alipita na majalada, akawaomba wasogeze miguu.

"Lakini mara ya kwanza..."

"Mara ya kwanza ulikuwa mzuri."

Akasaini. Alisaini kwa mkato mpana wenye mikia, kama anayewasainia mashabiki, kisha akamrudishia wakili wake karatasi na kumnong'oneza kwa sauti iliyofika hadi mlango wa hakimu:

"Umemsikia lakini? Mpaka akamwaga kinywaji."