Zamu ya Kumpokea Baba Pendo

Mume wangu Gaudensi ana miguu mibishi. Ukimwachia mwenyewe, akitoka kazini bandarini inampeleka moja kwa moja kwa Felista anayeuza uraka, ile pombe ya mabibo. Na msimu wa korosho ukifika, kwa Felista kunanukia hadi barabarani. Nilichoka. Nikamwambia mbele ya mwanetu Pendo: ukilewa tena, narudi kwetu Songea na mtoto.

Akakubali twende kliniki, na nesi wa huko hakutuhubiria. Alisema hatari kubwa iko kwenye ile njia ya kurudi nyumbani. Basi majirani wa mtaani kwetu Chuno tukapangiana zamu: akitoka kazini anamkuta mtu getini, wanapita njia nyingine wakipiga soga. Ijumaa ilikuwa ya Kumail mwenye duka, anayemsimulia mpira mpaka mlangoni. Kwaya nayo ikamchukua aimbe besi. Baada ya muda mume wangu akaanza kunenepa na kunitania, nami nikaanza kumpenda upya, nisiseme uongo.

Ijumaa moja mvua ikamwagika. Jioni ikaingia, Gaudensi hayupo. Nikajifunga kanga kiunoni, mbio mpaka kwa Felista, nikapekua hadi nyuma ya mapipa.

"Hayupo, Mama Pendo," Felista akasema. "Na angekuja ningemfukuza. Unadhani mimi sina roho?"

Sikumwamini. Nikashika njia ya bandarini huku nikipanga kichwani nguo za kubeba kwenda Songea.

Nikamkuta getini kwenye benchi la walinzi, amejikunyata, ameloa chapachapa.

"Baba Pendo! Unafanya nini hapa?"

"Namsubiri mtu wangu. Nikiondoka peke yangu, miguu hii si unaijua?"

Nikamsogelea, nikamnusa. Harufu ya mvua tu. Machozi yakanitoka huku nacheka, halafu hasira zikanipanda.

"Na huyo Kumail kakwama wapi? Leo si zamu yake? Atanitambua!"

Gaudensi akanitazama kwa upole.

"Kumail yuko Mikindani, harusini. Mlibadilishana juzi, mimi nikiwa nimekaa palepale. Leo ni zamu yako."

Mlinzi akageuza uso pembeni, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Nilijua utakuja," mume wangu akasema, akainuka na kunishika mkono. "Twende, Mama Pendo. Nisimulie mpira."