Uso wa Askari wa Bustanini

Asubuhi ya mkutano mama alitoa gauni lake la kutokea, lile la kijivu, akanipa nilipige pasi. Kazi yangu ni kupiga pasi mashuka ya hospitali juma zima, na siku ya mapumziko kitu cha mwisho ninachotaka kukiona ni pasi. Nililipiga hivyo hivyo huku nikinung'unika, naye amekaa kitandani na shimizi yake, ananisikiliza kama anavyosikiliza redio ya jirani.

"Unaenda kusema au unaenda kukaa tu?" nikamuuliza.

"Naenda kumwona kaka yako."

"Mama, ile ni saruji."

"Najua ni saruji. Mimi si mwehu. Na hapo kwenye kola umeruka."

Hapo ndipo tulipokwama, mimi na yeye, tangu mkutano ulipotangazwa. Katikati ya bustani ya mjini kuna sanamu ya askari, bunduki juu, mdomo wazi, anapiga ukelele wa ushindi. Iliwekwa baada ya vita vya kaskazini. Nusu ya mji humwekea maua miguuni kila mwaka. Nusu nyingine, wale ambao ndugu zao walichukuliwa na jeshi hilo hilo wasirudi, wangependa kuiona imelala chini. Watu wamewahi kutwangana ngumi pale, mbele ya watoto wanaobembea. Mwishowe halmashauri ikaunda kamati ya kuamua kama ibaki au ing'olewe, na kamati ikaita watu papo hapo penye sanamu, kila mwenye lake aje aliseme.

Na uso wa yule askari ni uso wa kaka yangu.

Hakuwa askari hata siku moja. Alikuwa kibarua, akimbebea mifuko ya saruji mchongaji aliyepewa kazi ile. Siku moja mchongaji akamtazama, akaipenda sura yake, akamsimamisha juani na mpini wa fagio mkononi, akamwambia afungue mdomo kana kwamba anamfokea mtu. Kaka alirudi jioni taya zinamuuma hata kutafuna hawezi, tukamcheka mpaka tukatokwa na machozi. Sanamu haikumaliza mwaka tangu izinduliwe, askari wa kweli wakamshusha kaka garini kwenye kizuizi cha barabarani, na ndiyo ikawa mara ya mwisho kuonekana. Wakaja pia kupekua nyumba. Picha zote walizikusanya, hata kile kipicha chake cha shule, wakazitia kwenye foronya ya mto wetu wakaondoka nazo. Mchongaji naye alishakufa. Kwa hiyo hatuna kaburi wala picha, tuna ile saruji tu.

Mama alikuwa haachi kwenda bustanini. Anakaa kwenye benchi, anamtazama, anarudi nyumbani kupika. Mimi sikuwahi kukanyaga pale tangu wamchukue. Nilikuwa radhi kuzunguka mitaa yote ya nyuma ili nisiione, kwa hasira tu. Fikiria, wamemuua, kisha wanasimama wima mbele yake kumpigia saluti. Mtu akiniambia hilo linachekesha nitamzaba kibao.

Nje ya nyumba yetu aliyejua habari hizi ni mwanamke mmoja, kiongozi wa akina mama waliopotelewa na watoto. Tunamwita Spika kwa sababu hajawahi kuhitaji kipaza sauti. Yeye alimwambia mama, "Dada, ukisimama ukasema hayo, kazi imekwisha. Nani atathubutu kuiacha?" Nami nilikuwa upande wake. Nilitaka mama aseme, nilitaka wale watu waaibike mchana kweupe. Mama alijua kwamba akisema wataibomoa, na atakuwa amembomoa mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe. Akinyamaza, maua yataendelea. Siku zile alikuwa anakula vijiko viwili vitatu kisha anasukuma sahani, anasema tumbo limejaa gesi.

Tulifika watu wameshakaa. Viti vya plastiki vilipangwa pande mbili, katikati utepe wa polisi, na polisi wenyewe wamejibanza kivulini wanachezea simu. Kushoto walikaa wazee wa jeshi na makoti yao ya medali katika joto lile. Kulia akina mama. Spika alitushikia viti vya mbele, kama harusini.

Ndipo nikainua macho. Nilikuwa nimejiandaa, hata leso nilikuwa nayo mkononi. Nikatazama pua, nikatazama taya, nikatazama ule mdomo wazi. Nikaona mwanamume anafoka. Moyo wangu ulikaa mahali pake, haukusema kitu.

"Walimpaka rangi," mama akaninong'oneza. Kweli, alikuwa amepakwa rangi ya dhahabu iliyoiva, inang'aa kama kabati jipya. "Mwaka ule walipoizungushia mabati. Walipofungua nikamkuta msafi. Nilifurahi sana. Amenenepa kidogo, lakini rangi humnenepesha mtu."

Niliona haya. Nikajiambia, dada gani wewe, umesusa miaka yote hiyo mpaka ndugu yako humtambui. Nikamshika mama mkono nikatazama chini.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwanasheria, mtu mpole, anafuta miwani kila akisikia neno kali. Alianza na upande wa wanajeshi. Akasimama mstaafu mmoja mwenye fimbo. Nilitaka kumchukia, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo pia. Akasema wenzake wa kikosi walizikwa huko huko kwa tingatinga, wote shimo moja, na hakuna aliyemwonyesha shimo lilipo. "Mkiing'oa hii mimi nitakwenda kusimama wapi?" akauliza, akakaa. Hakuna aliyempigia makofi, hata wenzake.

Spika akasimama na kusema yupo mama mmoja ana neno. Akampungia mama mkono ainuke. Nilihisi mkono wa mama unatoka katika wangu.

Hakuongea kwa sauti. Watu wa nyuma iliwabidi wasogee. Alieleza habari za mifuko ya saruji, za mpini wa fagio, za taya kuuma. Alieleza kizuizi cha barabarani. Alieleza foronya. Hakumtukana mtu. Alipomaliza, nilisikia bembea inalia kule upande wa watoto, na yule mstaafu mwenye fimbo alikuwa amevua bereti ameiweka mapajani. Nikajua tumeshinda. Damu ilinichemka kwa furaha, sioni sababu ya kuficha.

"Kwa hiyo mama," mwenyekiti akasema, miwani iko mkononi, "wewe unaomba ing'olewe."

"Ing'oeni," mama akasema. "Wenzangu hawa inawaumiza, nami sitaki raha inayowaumiza wao. Ila naomba kichwa. Mkishaibomoa nipeni kichwa chake nikaweke nyumbani. Nina kona, nimeshaisafisha."

Mimi mwenyewe sikujua hilo. Kona yenyewe niliifikiria ni ipi, nikakumbuka kwamba juma lililopita alikuwa amehamisha cherehani yake mbovu kutoka pembeni ya dirisha, nami nikadhani ameamua kuitupa.

Mwenyekiti alilipenda ombi lile. Unaweza kumwona mtu anapopata njia ya kutokea. Pande zote mbili zilikuwa zinaitikia kwa vichwa, hata wazee wa jeshi. Akageuka kumtafuta fundi wa halmashauri, mtu mnene mwenye ovaroli ya bluu aliyekuwa amekaa peke yake juu ya toroli lake. "Fundi, kichwa kinaweza kutoka kizima?"

Fundi akasimama. Alijikuna shingo kwanza.

"Kutoka kinatoka, mheshimiwa. Kina nondo moja tu, unakata kwa msumeno. Ila..." akamtazama mama, "ila mama, hicho sicho."

"Sicho vipi?" mwenyekiti akauliza.

"Kile cha zamani kilivunjwa. Watu walikuja usiku na nyundo, alfajiri tukakuta hakuna uso, kimebaki kisogo. Bosi akasema tusitangaze, mji usije ukawaka moto. Tukazungushia mabati nikafinyanga kingine. Halafu tukapaka rangi yote ili isijulikane kipya ni kipi."

"Ulitumia picha gani?" Hiyo ilikuwa sauti yangu. Sikumbuki kusimama.

"Picha hazikuwepo, dada. Nilimtumia shemeji yangu, ndiye aliyekuwa hana kazi wakati ule."

Sikumchukia hata yeye. Alikuwa anasema kweli, na alikuwa anaisema taratibu kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Nikamuuliza vipande vilikwenda wapi. Akasema kifusi kilijazia mashimo pale getini, kabla ya lami. Kisha akasema, "Nisamehe mama, sikujua," akavua kofia, akabaki ameishika.

Yaliyofuata sina hamu nayo. Upande wa kushoto mtu akasema kama ni hivyo ushahidi uko wapi kwamba huyo kijana alikuwepo. Spika akamfokea, naye akajibiwa, na utepe wa polisi ukakatika. Mwenyekiti alivaa miwani akatangaza kwamba kamati itahitaji muda zaidi, na mpaka hapo sanamu itabaki kama ilivyo. Watu wakaanza kubeba viti vyao.

Mama alikwenda kukaa kwenye benchi lake. Nikamfuata. Hakulia, na mimi nilitamani alie, ningejua la kufanya. Gauni lilikuwa limeshajikunja kiunoni. Askari alikuwa juu yetu na mdomo wake wazi, shemeji wa mtu.

"Nilikuwa namsalimia," mama akasema. "Namwambia habari zako, za kazini kwako. Kila nilipokuja."

"Mama, twende nyumbani."

"Ngoja. Nikifumba macho namwona huyu. Namtafuta yule, anakuja huyu. Hata akiwa mdogo, hata nikimfikiria ananyonya, ni huyu." Akapangusa uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayefuta meza. "Mimi ni mzee, nimekaa naye hapa miaka, amenizoea. Lakini wewe hukuja. Wewe hukumtazama huyu miaka yote hiyo. Wewe bado unaye."

Nikafumba macho. Nilimwona kaka anaingia mlangoni jioni ile, taya zinamuuma, ana vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Niliona shati. Niliona viatu. Juu ya shati palikuwa pamepakwa rangi ya dhahabu, na mdomo uko wazi.

"Ninaye, mama," nikasema. "Namwona vizuri kabisa."

"Basi nieleze," akasema. Akanigeukia, akanishika magoti yote mawili, akangoja.