Sentensi ya Aya ya Tisa

Barua ilifika Jumanne ya wiki ya kuchimba viazi, wakati shule zote za bondeni zimefungwa ili watoto wakasaidie mashambani. Noella Daigle aliifungua ndani ya gari, mbele ya posta, kwa kuwa hakuwahi kuweza kuifikisha bahasha ya serikali nyumbani ikiwa imefungwa. Aliisoma, akashusha kioo apate hewa, akaisoma tena. Maneno yake yalikuwa ya adabu. Yalisema kwamba mafao ya ulemavu ya mumewe, Normand, ambayo yalikuwa dola elfu moja na mia tisa kwa mwezi, yatashuka hadi mia sita, na yatabaki hapo kwa miaka miwili na miezi mitano. Yalisema pia kwamba katika miezi tisa iliyopita walikuwa wamelipwa zaidi ya haki yao, na kwamba nusu ya hizo mia sita itakatwa kila mwezi mpaka ziada hiyo irudi yote.

Sababu ilitajwa kwa mstari mmoja: fidia ya ajali kazini, iliyolipwa kwa mkupuo.

Hakulia. Alikumbuka tu kwamba benki ilitaka dola mia nane na hamsini kila tarehe tano, na kwamba mshahara wake wa jikoni shuleni ulikuwa ukiishia kwenye chakula, umeme na dawa. Nyumba ile Normand aliijenga kwa mikono yake mwaka waliooana, kwa mbao alizozichagua gogo baada ya gogo, na ilikuwa imesimama miezi tisa hii kwa nguvu ya mafao peke yake. Akawasha gari, akaenda nyumbani polepole nyuma ya trekta la viazi, wala hakulipita.

Normand alikuwa amekata miti kwa miaka thelathini na mmoja kabla mti mmoja haujakataa kuanguka. Uliegemea mwenzake, kama inavyotokea, naye alipokwenda kuuondoa, kilele cha ule mwingine kilikatika juu kikamwangukia mgongoni. Kampuni ya mbao ilikuwa na bima. Bima ikalipa dola mia sita kila wiki, na serikali ikalipa mafao ya ulemavu, ila kwa kuyapunguza, maana sheria hairuhusu vyote viwili kwa pamoja vizidi sehemu nne kati ya tano za kile ambacho mtu alikuwa akikipata akiwa mzima. Hilo walilielewa, na hawakulinung'unikia. Basi bima iliposema inataka kumaliza mambo kwa malipo ya mara moja, dola laki moja mkononi na kwaheri, waliamini kwamba malipo ya wiki yakikoma, na makato nayo yatakoma. Fikra hiyo haikuwa ya kijinga. Mtu yeyote mwenye akili timamu angefikiri hivyo.

Walikwenda kutia saini mwezi Januari, katika ofisi ya wakili wao, Bwana Hathaway, mtu mrefu mwenye mafua yasiyokwisha. Karatasi zilikuwa kurasa kumi na nne. Normand, ambaye dawa za maumivu zilimfanya asikie kila neno kana kwamba linatoka chumba cha pili, alikuwa akiitikia kwa kichwa tu. Noella ndiye aliyesoma. Alipofika aya ya tisa alisimama. Palikuwa na sentensi iliyosema kwamba fedha hizi zihesabiwe kuwa zimetandazwa juu ya maisha yote yaliyombakia mfanyakazi, yaani miaka ishirini na sita na miezi minne.

Watu wa msituni wana miiko yao. Mkata miti hasemi "huu ndio mti wa mwisho leo". Husema "tubakize mmoja wa kesho," na kweli hutia alama kwenye mti mmoja na kuuacha umesimama. Hahesabu siku zilizobaki za msimu, hahesabu miaka iliyobaki kabla ya kustaafu, wala hamruhusu mtu mwingine amhesabie. Baba yake Noella, Aurèle, aliwahi kuhesabiwa. Karani wa kampuni alimwonyesha kwenye jedwali kwamba amebakiwa na miaka kumi na minane, naye akarudi nayo nyumbani kama kichekesho, akawasimulia watu mezani. Alhamisi ya wiki hiyohiyo waliletewa kofia yake. Noella alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Kwa hiyo alisukuma karatasi, akasema sentensi ile itoke.

Wakili aliweka leso chini. Alieleza, na hili ndilo lililomtafuna Noella baadaye, kwamba sentensi hiyo ni kwa ajili ya serikali, kwamba ni hesabu tu, kwamba haimtabirii mtu chochote. Na kwamba angemshauri aiache. Alieleza kwa haraka, lakini alieleza. Noella alimtazama mumewe, akaona jasho kwenye mdomo wa juu, na macho yameganda kwenye ile ishirini na sita.

"Mwanasheria," alisema, "mimi siwezi kumlaza mume wangu usiku na tarehe yake imeandikwa kwenye faili la mtu. Ifute."

Hathaway akaifuta. Kisha akachapa karatasi nyingine fupi, inayosema kwamba wateja wameshauriwa na wamekataa, nao wakaitia saini hiyo pia. Fedha zilipokuja zililipa hospitali, zikalipa malimbikizo ya benki, zikajenga bafu chini na kupanua milango ili kigari cha Normand, asiyeweza tena kutembea, kipite, zikaziba paa. Noella aliona fahari kwamba hawakununua hata kiti.

Jumapili baada ya barua, Rosaire, mdogo wake Normand, alikuja kula kama kawaida yake. Noella alimwaga rojo la ploye, chapati za maji za bondeni, kwenye kikaango na kuziacha ziive upande mmoja bila kuzigeuza, huku Rosaire akizipaka siagi na kuzikunja mbili mbili.

"Kaka, wewe umepewa laki nzima kwa kulala chali," alisema. "Mimi naamka saa kumi alfajiri napewa mafua. Mgongo wangu huu nimwuzie nani?"

"Wako hauna soko," Normand alijibu. "Haujawahi kutumika."

Rosaire alicheka hadi akapaliwa. Noella aliwapa kisogo. Alikuwa amemwambia Normand kwamba barua inazungumzia makosa fulani ya hesabu na kwamba atakwenda kuyarekebisha. Lilikuwa neno la uongo, lakini alilisema kwa matumaini, na matumaini yalimfanya alisadiki nusu.

Ofisi ya mafao ilikuwa mwendo wa saa moja kusini. Karani aliyemhudumia alikuwa mwanamke wa rika lake, mwenye miwani ya kamba, na hakuwa na haraka wala kiburi. Noella alikuwa amejiandaa kwa dharau. Upole ulimkuta hana silaha. Mwanamke yule alisoma makubaliano yote, ukurasa kwa ukurasa, kisha akarudi aya ya tisa na kuiwekea kidole.

"Mama, hapa huwa pana sentensi," alisema.

"Ipi?"

"Inayogawa hizi pesa kwa miaka iliyobaki. Ikiwepo, sisi tunazigawa hivyo. Laki moja kwa miaka ishirini na kitu inakuwa kama dola sabini kwa wiki, na mafao hayaguswi hata kidogo. Isipokuwepo, tunagawa kwa kiwango alichokuwa analipwa zamani. Kwa hiyo kwenye vitabu vyetu mume wako bado anapokea mia sita kila wiki, mpaka laki iishe."

"Lakini hakuna anayemlipa. Zimekwisha. Zimeingia kwenye bafu."

"Najua, mama."

Noella aliuliza kama karatasi inaweza kuandikwa upya. Mwanamke yule alivua miwani. Alisema wakili anaweza kurudi mbele ya bodi ya fidia na kuomba sentensi iongezwe, watu hujaribu. Lakini karatasi iliyobadilishwa baadaye kwa ajili tu ya kukwepa makato haiifungi ofisi, nao huendelea kuisoma ile ya kwanza. Alimpa fomu ya kuomba ile ziada isamehewe. Alimwambia bila kumficha kwamba hata wakisamehewa, zile mia sita zitabaki mia sita.

Alimpigia Hathaway kutoka kwenye maegesho. Wakili alipenga mafua kwanza. Alisema anasikitika, na sauti yake ilionyesha hivyo. Akamkumbusha, kwa upole uleule ambao siku hiyo ulikuwa umemzunguka Noella kutoka kila upande, kuhusu ile karatasi fupi waliyoitia saini.

Aliendesha gari kurudi kati ya mashamba yaliyokwisha kuchimbwa. Alitafuta mtu wa kumkasirikia, akawapitia mmoja mmoja: karani, wakili, bima, wabunge waliotunga sheria inayojua kugawanya pesa lakini haijui kuuliza kama zipo. Kila mmoja alikuwa amefanya kazi yake. Ndicho kilichomwogopesha. Mashine nzima ilikuwa imezunguka sawasawa, kila jino mahali pake, na kilichosagwa katikati kilikuwa nyumba yake. Na aliyeingiza mkono alikuwa yeye.

Normand alikuwa ameketi jikoni kwenye kigari chake, akimenya tufaha kwa kisu kidogo. Noella hakuvua koti. Alimwambia yote akiwa amesimama: mia sita, miaka miwili na miezi mitano, nusu kukatwa, sentensi.

"Hiyo naikumbuka," Normand alisema. "Tuliitoa wote."

"Hapana. Niliitoa mimi. Alinieleza, Normand. Wewe dawa zilikuwa zimekuchukua. Aliniambia ni ya serikali, akaniambia niiache. Nilisikia vizuri kabisa."

Kisu kilisimama.

"Ukaniona nimekufa," Normand alisema.

"Nilimwona baba."

"Baba yako alikuwa mwanamume wa miguu miwili, Noella. Mimi kilichokuwa kimebaki kwangu ni hiyo hesabu tu." Hakuinua sauti, na Noella alitamani angeinua. "Ungeniuliza. Ungenitikisa, ukanipiga kofi, ukaniuliza."

"Ungesemaje?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofanya kila jambo. "Sijui," alisema. "Labda ningesema itoke. Lakini ningekuwa nimesema mimi."

Alirudi kumenya tufaha. Walikula chakula cha jioni wakizungumza habari za Rosaire.

Walijaza fomu ya msamaha. Ilikuwa na swali linalotaka mwombaji aeleze kwa nini kosa si lake, na Noella aliliacha wazi kwa siku nne, kisha Normand akalijaza mwenyewe kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kalamu: HATUKUJUA. Hathaway naye alikwenda mbele ya bodi bila kuwatoza, na bodi ikaongeza sentensi, miaka yote ishirini na sita na miezi minne, imepigwa muhuri. Wakati huu hakuna aliyesema neno juu ya mwiko. Ofisi ya mafao ilijibu Februari. Ziada waliwasamehe. Makato yalibaki.

Tarehe tano tatu zilikuwa zimepita bila benki kulipwa. Benki ilizungumza nao kwa ustaarabu na kuwashauri wauze wenyewe kabla haijalazimika kuuza yenyewe. Nyumba ilinunuliwa Aprili, theluji ikiyeyuka, na mume na mke kutoka kusini mwa jimbo waliotaka mahali pa kufikia wakati wa uvuvi. Walisifu mbao. Mume alipitisha kiganja kwenye fremu ya mlango na kuuliza ni nani fundi, na Normand akasema ni mtu wa hapahapa.

Wao walipata vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la vipuri, karibu na daraja. Siku ya kuhama, Rosaire alipokwisha kuondoka na mzigo wa kwanza, Normand alisogeza kigari hadi chini ya ngazi ya nyumba aliyoijenga. Hakuwa amefika juu tangu ajali.

"Nataka kuona vyumba vya juu," alisema.

"Nitakupigia picha."

"Noella."

Mkewe alimshika makwapa akamshusha kwenye kidato cha kwanza, mgongo ukielekea juu. Normand alipanda kwa makalio, akijivuta kwa mikono, kidato kwa kidato, naye Noella akimwinulia miguu kutoka kidato cha chini, mmoja kisha wa pili, kama mtu anayebeba vyombo vinavyoweza kuvunjika. Vilikuwa vidato kumi na vitatu. Walipumzika mara nne. Katika pumziko la tatu alifumba macho, na Noella akadhani amezimia, lakini alikuwa anasubiri maumivu yapite.

Juu, aliegemea ukuta, akatazama ndani ya chumba cha upande wa mto. Kilikuwa kitupu. Palikuwa na misumari ya picha, na alama nyeupe mahali ambapo kabati lilisimama miaka ishirini na tisa.

"Dirisha linavuja," alisema. "Ubao ule umeanza kuoza."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Alitikisa kichwa taratibu. Chini, lori la Rosaire lilikuwa limerudi; walisikia mlango wake ukifungwa, kisha hatua zake zikivuka jikoni na sauti yake ikiuliza wamekwenda wapi, meza hii inakwenda au inabaki. Normand alinyoosha mkono, akashika ukingo wa sakafu, akaanza kujigeuza ili ateremke.