Mama Mkwe Hakai Mbele

Jumapili mchana, nikiwa nimeshiba pilau hadi kupumua kukawa kazi, nilijilaza kwenye kochi nikaota gari langu linazungumza Kiswahili.

Hilo si jambo dogo. Gari langu ni jeupe, limetoka Japani likiwa limeshatumika, na ndani ya redio yake anaishi mama mmoja. Kila nikiwasha anasema maneno ya Kijapani, kwa adabu, kisha ananyamaza. Miaka mitatu sasa nawaambia watu wa kijiweni kwamba anasema, "Karibu, dereva hodari." Hakuna aliyewahi kubisha. Kijiweni kwetu hapa Iringa naitwa Injinia, ingawa kazi yangu ni kuuza vioo vya madirisha.

Kwenye ndoto nawasha gari. Mama wa redio anasema, "Chande, mkanda wa nyuma uko wapi?"

"Kumbe unajua Kiswahili?"

"Nimekaa Iringa miaka mitatu. Ulitaka nijue nini?"

Niliona aibu, maana swali hilo nilishaulizwa asubuhi ile nikiwa macho. Tulikuwa tunatoka sokoni na mama mkwe wangu, Bi Zamda. Alipapasa kiti cha nyuma, akauliza taratibu, "Baba, huku mkanda uko wapi?" Kesho yake nilitakiwa kumrudisha kwao Morogoro, na Morogoro hufiki bila kushuka mlima wa Kitonga, kona juu ya kona, korongo pembeni. Kiti cha mbele hakai. Kwao mama mkwe hakai bega kwa bega na mkwewe, hata kiti kingekuwa cha dhahabu. Nami mikanda ya nyuma niliifukia siku niliposhonesha makava ya viti, yale mekundu yenye mistari myeupe, kwa kuwa niliona inaharibu sura. Basi nikamjibu, "Mama, gari hili bodi yake nzito. Huko nyuma ni kama uko kitandani."

Sasa, kwenye ndoto, nageuka nyuma, kiti hakipo. Kuna kitanda cha mninga, futi tano kwa sita, chandarua kimeteremshwa. Bi Zamda amejilaza, mkoba kifuani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Ulisema kitandani, nimekuja na shuka."

Tunaondoka. Tunaingia kituo cha mafuta, kinageuka sebule ya shemeji yangu, tunavua viatu, tunasalimia, tunapita. Mbele yetu kuna mizani ya magari. Msimamizi wake ni mtungi wangu wa kuzimia moto, ule unaokaa chini ya kiti. Amevaa tai na miwani.

"Umepakia nini?"

"Mama mkwe na kitanda."

"Hao hawana tatizo. Nauliza maoni."

Akanipandisha kwenye mizani peke yangu. "Haya, sema."

Nasema gari ni uso, taa zikikunja ndita gari lina heshima. Hapo hapo gari langu likakunja ndita, likakataa kunitazama. Nasema gari jeupe linauzika haraka. Akatokea bwana mmoja, akaanza kulisukuma kwenda kwake, tukashikana mashati naye mpaka akaliacha. Nasema magari ya siku hizi bati lao laini, ukigonga kidogo linabonyea.

"Linabonyea ili usibonyee wewe," alisema mtungi bila kuinua macho. Kisha akasoma mizani. "Maoni, tani nne na robo. Matendo, gramu sita, na hizo ni za kuninunua mimi, tena kwa kuogopa trafiki. Umewahi kuangalia tarehe yangu?"

"Sijawahi."

"Muda wangu uliisha mwaka juzi. Sikutaka kukusumbua."

Kabla sijajitetea, mizani si mizani tena. Ni Kitonga. Kitanda cha Bi Zamda kinashuka mbele yetu peke yake. Kona ya kwanza kinakata vizuri. Ya pili kinapita kwa miguu miwili. Chandarua kimejaa upepo. Yeye hapigi kelele, na hicho ndicho kilichonitisha. Ananipungia mkono kwa upole, mtu asiyetaka kumlaumu mkwewe.

Nililia. Sifichi, Injinia mzima nililia. Mama yule alinipa binti yake nikiwa sina hata baiskeli.

"Mkanda!" nampigia kelele mama wa redio. "Nipe mkanda!"

"Uko ulikouweka. Chini ya kava, upande wa kushoto, pamoja na peremende ya kijani ya mwenye gari wa kwanza. Ukiiona, ujue nilikuwa nasema kweli."

Kitanda kinafika ukingoni. Naruka kukidaka.

Niliangukia sakafuni, mto wa kochi mikononi. Mke wangu, Mwantumu, alikuwa amesimama na beseni la vyombo.

"Unalia nini?"

"Nipe mkasi."

"Wa nini?"

"Wa kukata makava."

"Makava yako? Yale ambayo mtu haruhusiwi kuyakalia na karanga mkononi?"

"Hayo hayo."

Niliyakata mwenyewe, na roho iliniuma, sitaki kudanganya. Chini yake mikanda ilikuwa imelala, mipya kama haijawahi kumfunga mtu. Upande wa kushoto, kwenye ufa wa kiti, kulikuwa na peremende ya kijani, karatasi yake ina maandishi ya Kijapani. Niliitia mfukoni. Sikumwambia mtu.

Jumatatu asubuhi Bi Zamda alipanda nyuma. Nilimwonyesha kwa kidole pa kuchomeka, kwa mbali, kama inavyopasa. Akachomeka, mkanda ukalia ta!

"Niwie radhi, Mama," nilisema huku nikiutazama usukani. "Jana nilikujibu ovyo."

"Yamekwisha, baba. Twende."

Nikawasha gari. Mama wa redio akasema Kijapani chake, kwa adabu, kisha akanyamaza.

"Nimeshafunga, mwanangu," Bi Zamda alimjibu kutoka nyuma. "Na asante kwa jana."